Mashine ya betri inayozima katikati ya nyasi

Pole ndugu yangu. Unasema mashine yako ya kukata nyasi ya volti 40 inajaa chaji vizuri, ila ukifika kwenye nyasi nzito inazima ndani ya dakika tano, na sasa unataka kuhamia ya petroli.

Subiri kwanza. Toa betri, pindua mashine, tazama kisu. Kisu butu na nyasi zilizojiviringa kwenye shafti huifanya mota ivute umeme mwingi mpaka saketi ya ulinzi inakata. Yangu ilinisumbua hivyohivyo. Nilinoa kisu kwa tupa, ikatulia.

Ikiendelea, pima betri kwa mita. Hizi za volti 40 kwa kawaida zina seli 10 za lithiamu kwa mfululizo, na zikijaa husoma karibu 42. Volti zikiporomoka ghafla ukianza kukata, kuna seli zimechoka. Tafuta fundi mwenye mashine maalumu ya kuunganishia seli. Anayetaka kuchomelea kwa risasi mkimbie, joto lile huharibu seli na linaweza kuleta moto.

Petroli ina nguvu kwa nyasi za magotini, lakini kuna oili, plagi, na kabureta inayoziba mafuta yakilala tankini miezi. Mashine ya umeme wa waya ni nyepesi na haina betri ya kufa. Tatizo ni kebo, ambayo siku moja utaipitia kwa kisu. Kwa ua wa nyumba ya kawaida, mimi ningetengeneza hiyohiyo.