Uhuru wa nani kwenye vitabu vya Wamarekani?

SUALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Nasoma fasihi chuo mwaka wa pili, kwetu Wete. Tumepewa asaimenti ya vitabu vya Marekani vya karne ya 19 na kila nikifungua nakuta uhuru, usawa, mtu ajitegemee, sasa si hawahawa ndo walokuwa na watumwa? Niandike wanafiki yakaisha?
Msomaji, Pemba

JAWABU: Waalaikumu salaam mwanangu. Yasiishe hapo, maana waliowasuta zaidi ni wenyewe kwa wenyewe. Emerson, mwandishi wa insha wa Marekani, 1841 anasema mtu aiamini nafsi yake asifuate mkumbo, maneno matamu, lakini yanamfaa yule ambae mwili wake ni mali yake. Rafiki yake Thoreau, nae mwandishi, angalau alikataa kulipa kodi kwa sababu ya utumwa na vita vya Mexico, 1846 akalala jela usiku mmoja, mtu akamlipia akatoka (usiku mmoja tu, na insha yake juu ya hilo mpaka leo inasomwa!).

Ila we shika Frederick Douglass. Kazaliwa mtumwa Maryland, bibi wa nyumba kamuanzishia kusoma mume akapiga marufuku, basi akawa anawapa mkate watoto wa kizungu wa mtaani wamfundishe kwa siri. Katoroka 1838, na 1845 alipotoa kitabu cha maisha yake akamtaja bwana wake kwa jina, ikabidi akimbilie Ireland na Uingereza asije akarudishwa. 1852 akaalikwa Rochester kuhutubia sherehe za uhuru wa Marekani, akawauliza mbele ya macho yao, sikukuu yenu hii inamhusu nini mtumwa? Na tizama ujanja wake, lile Tamko la Uhuru wa Marekani la 1776, linalosema watu wote ni sawa, hakulitupa, kalishika kama hati ya deni akawadai nalo.

Mwaka uleule wa 1852 Harriet Beecher Stowe, mwandishi wa kizungu, akatoa riwaya ya mtumwa Tom, Uncle Tom's Cabin, iliyouza nakala 300,000 Marekani ndani ya mwaka, imetikisa watu kweli, ila Tom wake mpole mno, mie ananichosha.

Halafu usiandike kama mambo ya mbali. Majahazi ya Salem, mji wa Marekani aliozaliwa mwandishi wa riwaya Hawthorne na kufanya kazi forodhani, yalikuwa yanakuja Unguja kuchukua pembe za ndovu na sandarusi (utomvu wa mti) na kutuletea merikani, nguo iliyofumwa kwa pamba waliyochuma watumwa kule kusini, na huku soko la watumwa la Mkunazini halijafungwa mpaka 1873. Kurasa zikiwa chache Emerson mpe aya moja tu, zilobaki zote mpe Douglass.