Nirudisheni Isimila Kwanza

Mhariri, kamwene. Wiki iliyopita mliuliza kama hadithi za kubuni za kisayansi, hasa zile za watoto wanaosafiri katika wakati, zinamfaa mwanafunzi wa darasa la sita au zinamvurugia somo la historia. Nimelifundisha darasa hilo hapa Iringa mpaka nikastaafu, na nilipokaa kuandika nilikuwa na jibu fupi: hazimfai. Historia haikunisumbua sana. Mtoto anayetamani kurudi mwaka 1891 akasimame na mtemi Mkwawa dhidi ya Wajerumani pale Lugalo hana ubaya. Angalau tarehe ataishika. Kilichonikera ni urafiki. Katika nyingi ya hadithi hizi husafiri wawili, mmoja humkosea mwenzake, kisha mashine hurudishwa nyuma siku moja na kosa linafutika kama chaki ubaoni.

Naomba nieleze kwa nini jambo hilo linanigusa. Mwaka 1977, nikiwa darasa la sita, tulipelekwa kwa lori Isimila, lile korongo la zana za kale za mawe karibu na Iringa, mwezi wa Juni, na wenyeji wanajua baridi ya Iringa ya Juni juu ya lori lisilo na turubai ilivyo. Mimi na rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja tulikuwa na sweta moja, yake, na tulikubaliana kuivaa kwa zamu: yeye mpaka Ipogolo, mimi kutoka Ipogolo mpaka korongoni, na wakati wa kurudi vivyo hivyo. Kule korongoni, chini ya zile nguzo za udongo ambazo kila aliyefika huzipiga picha, zana za mawe zilikuwa zimetapakaa ardhini kama magunzi baada ya kupukuchua mahindi. Mlinzi alituambia tuangalie tu, tusichukue hata moja. Wataalamu wanakadiria umri wa zana hizo kuwa miaka 260,000 hivi, ingawa siku ile sisi tuliambiwa tu kwamba ni za kale sana.

Rafiki yangu aliokota moja. Lilikuwa jiwe lenye umbo la chozi, upande mmoja mnene wa kushikia, upande mwingine umebanduliwa vipande vidogo vidogo mpaka ukapata makali. Alinipa nilishike, nami nikaona vidole vyangu vimejipanga vyenyewe, kidole gumba kikiingia mahali palipobonyea. Akaninong'oneza, "Aliyelichonga alikuwa na mkono kama wako." Kisha akalichukua, akalifunga ndani ya ile sweta. Tulipojipanga kupanda lori, mwalimu aliuliza nani amebeba kitu. Watu wote kimya. Mimi sikusema neno, ila nilimtazama rafiki yangu, nikatazama na sweta, na mwalimu alikuwa ananitazama mimi. Rafiki yangu alichapwa viboko vinne pale pale, jiwe likarudishwa kwa mlinzi. Hakulia. Lori lilipofika Ipogolo alivua sweta akanikabidhi bila kusema kitu, kwa sababu zamu yangu ilikuwa imefika.

Kabla mwaka haujaisha baba yake alipata kazi kwenye reli, wakahamia Mbeya, na sijamwona tena.

Hapo nilikusudia kumalizia kwa kusema kwamba tusiwadanganye watoto. Lakini nilipoandika habari ya jiwe nilikwama. Hebu tuseme nimepewa mashine hiyo na kurudishwa siku ile: nifanye nini? Nikikaza macho yangu mbele, rafiki yangu hachapwi, na jiwe lililodumu miaka yote hiyo linaishia kuwa la kuzuia mlango nyumbani kwao, mpaka litupwe. Nikimtazama tena, nimemsaliti mara mbili, na mara hii kwa makusudi. Ninadhani ningemwomba alirudishe kabla ya kuulizwa, lakini kwa jinsi ninavyomkumbuka, asingekubali. Kitabu cha historia hakimuulizi mtoto swali kama hilo, nami darasani sikuwahi kuliuliza.

Iko pia sayansi yenyewe, ambayo ni kali kuliko waandishi wengi. Einstein alieleza mwaka 1905 kwamba saa inayokwenda kwa kasi huchelewa ikilinganishwa na iliyotulia, na mwaka 1971 wanasayansi wa Marekani walizungusha saa za atomiki duniani kwa ndege za abiria, wakaipata tofauti yenyewe, ndogo mno. Kwa hiyo njia ya kwenda mbele katika wakati ipo: anayekwenda kasi huzeeka polepole. Ya kurudi nyuma hakuna aliyeionyesha. Mwandishi akiifuata kanuni hiyo, marafiki wawili wa dawati moja wanaagana, mmoja anapanda chombo chenye kasi kubwa, na akirudi bado ana miaka 13 huku mwenzake ni bibi mwenye wajukuu. Hadithi ya namna hiyo ningeinunua mimi mwenyewe.

Basi wasome. Ila iwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, mashine isifute kila kitu, na mwalimu asiigeuze kuwa zoezi la maswali kumi. Kama itakuwa ya kufuta tu, narudi kwenye jibu langu la kwanza.

Mjukuu wangu, ambaye yuko darasa hilo hilo, ameanza kuandika ya kwake kwenye daftari la hesabu, na msafiri wake anashukia Isimila mwaka 1977. Sijui ni nani aliyemwambia, labda mimi. Jana alinijia na penseli, akauliza, "Babu, ile sweta ilikuwa ya rangi gani?" Nikamwambia ilikuwa ya kijani, na kiwiko cha kushoto kilikuwa kimetoboka.