Mkataba wa Wakimbizi una tarehe ngapi?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mwalimu wa Historia na Uraia katika sekondari moja wilayani Kasulu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaandaa mdahalo wa Siku ya Wakimbizi Duniani na wamekwama kwenye tarehe. Kundi moja linasema Mkataba wa Wakimbizi ulianza 28 Julai 1951, jingine linasema 22 Aprili 1954. Siku yenyewe tunaiadhimisha 20 Juni, ambayo haifanani na yoyote kati ya hizo. Nani amekosea? Na sisi Tanzania tuhesabu kuanzia lini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Tarehe zote tatu ni sahihi. Kilichowagombanisha vijana wako ni neno "ulianza", kwa sababu mkataba wa kimataifa hauanzi kwa siku moja.

Hapa Ujiji posa ikipokelewa watu hula na kufurahi, lakini binti bado yuko kwao mpaka ndoa ifungwe. Tarehe 28 Julai 1951 ni ya posa. Ndiyo iliyoandikwa kwenye mkataba wenyewe, siku ulipofunguliwa kutiwa saini mjini Geneva. Nchi inayosaini inaonyesha nia tu. Inafungwa na masharti pale inapowasilisha hati ya kuridhia kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Tena ibara ya 43 iliweka sharti kwamba mkataba utaanza kutumika siku ya 90 baada ya hati ya sita kuwasilishwa. Denmark ilitangulia, Desemba 1952. Ya sita ilikuwa Australia, 22 Januari 1954. Wape vijana wahesabu ubaoni: siku 9 zilizobaki za Januari, 28 za Februari, 31 za Machi na 22 za Aprili. Zinatimia 90 kamili. Kwa hiyo kundi la pili limeshika siku ya ndoa.

Swali la mtihani likiuliza mkataba "ulitiwa saini" lini, jibu ni 1951; likiuliza "ulianza kutumika" lini, ni 1954. Maadhimisho kwa kawaida hufuata tarehe ya kwanza. Umoja wa Mataifa wenyewe ulihesabu miaka 50 ya mkataba huu mwaka 2001.

Kwa Tanzania, hakuna inayotuhusu kati ya hizo mbili. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini ikitawaliwa na Uingereza, na isingeweza kusaini kwa jina lake. Tuliingia kwa njia ambayo sheria inaiita kujiunga: nchi ambayo haikusaini mwanzoni inawasilisha hati moja, na hiyo inakuwa saini na ridhaa kwa pamoja. Tulifanya hivyo 12 Mei 1964, siku 16 tu baada ya Muungano.

Lakini hapa naomba vijana wasikimbilie kufunga daftari, maana jambo lenye uzito kwa mkoa wetu liko mbele. Mkataba wa 1951 ulimtambua mkimbizi kutokana na matukio yaliyotokea kabla ya 1 Januari 1951. Uliandikwa Ulaya ikiwa imetoka vitani, na waandishi wake walikuwa wakiwafikiria watu wa vita ile. Sasa mchukue mtu aliyekimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 akapokelewa makazi ya Ulyankulu, kule Tabora. Kwa maneno ya mkataba ule peke yake, hakuwa mkimbizi! Kilichomwokoa kisheria ni Itifaki ya 31 Januari 1967, yaani mkataba wa nyongeza, iliyofuta ukomo huo wa tarehe. Ilianza kutumika 4 Oktoba 1967, na Tanzania ikajiunga nayo 4 Septemba 1968, kama miaka minne kabla ya watu wale kuvuka mpaka. Mimi ningeulizwa tarehe ipi ya mikataba hii ina haki ya kukumbukwa Ulyankulu, ningeitaja hiyo ya Septemba 1968. Sijawahi kuona ikiadhimishwa popote, na inaniuma.

Itifaki haikugusa maana yenyewe ya mkimbizi. Bado ilibidi mtu awe na hofu ya msingi ya kuteswa yeye kwa sababu ya rangi au asili yake, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au maoni yake ya kisiasa. Mama anayevuka Ziwa Tanganyika na watoto kwa sababu kijiji chake kimekuwa uwanja wa vita, bila yeye kutafutwa na mtu, anapata shida kuieleza hofu hiyo. Afrika ilimwona mama huyu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliosainiwa Addis Ababa 10 Septemba 1969, uliongeza mtu anayekimbia uvamizi kutoka nje, kukaliwa au kutawaliwa na wageni, au matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa nchi. Nao ulisubiri theluthi moja ya nchi wanachama ziuridhie, na idadi hiyo ikatimia 20 Juni 1974.

Hiyo ndiyo 20 Juni yenu. Ilikuwa Siku ya Wakimbizi Afrika kwanza. Desemba 2000 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaifanya ya dunia nzima, kuanzia 2001. Geneva haikuitoa sisi tukaipokea. Hata Siku ya Haki za Binadamu Afrika, 21 Oktoba, inafuata siku ambayo Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulianza kutumika mwaka 1986, ingawa ulipitishwa Nairobi Juni 1981. Bara hili limechagua kukumbuka siku ambayo ahadi ilianza kudaiwa, na mimi naona limechagua vizuri.

Mwanafunzi mjanja atakuuliza: mbona 10 Desemba haina utata huu? Kwa sababu Azimio la Haki za Binadamu la 1948 ni tamko. Lilipitishwa siku hiyo, basi. Halikusubiri nchi kuliridhia.

Mwisho, wasidhani mkataba unaingia mahakamani moja kwa moja. Kwetu ni lazima Bunge litunge sheria ndipo masharti yake yawe sheria ya nchi. Mbele ya hakimu wa Kasulu, wakili wa mtu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu atafungua Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, kifungu cha 4. Humo zimo maana zote mbili, ya Geneva na ya Addis Ababa.