Doula si mkunga, dada: nilivyokaa na mdogo wangu Newala tangu mimba hadi arobaini

Dada uliyeuliza kutoka Mtwara mjini, mimba ya kwanza miezi sita, mama mzazi ameshatangulia mbele ya haki, mume yuko kazini Dar, na umesikia habari za doula ukataka kujua kama ni mkunga wa aina nyingine. Pole kwa kumkosa mama wakati kama huu. Nakujibu kwa niliyoyapitia.

Doula hapimi njia, hasikilizi mapigo ya mtoto, hatoi dawa, hakati kitovu. Hayo ni ya mkunga. Yeye kazi yake ni kukaa na wewe na kutoondoka. Neno lina asili ya Kigiriki, mwanamke anayehudumia, na Wamarekani walianza kulitumia kwa maana hii miaka ya 1970. Huku kwetu jina hatukuwa nalo lakini kazi ilikuwepo: mimba ya kwanza binti anarudi kwao, mama, bibi na mama wadogo wanamzunguka. Pengo unalolisikia sasa ni hilo.

Mdogo wangu alipojifungua mara ya kwanza, mahali tulipokwenda ndugu hawakuruhusiwa kuvuka mlango. Nilikaa kwenye benchi usiku kucha na chupa ya chai. Nesi alikuwa mmoja na wazazi wengi, simlaumu. Mtoto alitoka salama, ila mdogo wangu aliniambia alikuwa anahesabu misumari ya dari ili asilie. Mimba ya pili tulitafuta kituo kinachoruhusu msindikizaji, nikaingia naye. Tangu hapo nimeshakaa na wengine watano, majirani na wakwe.

Chumbani ndiko kazi ilipo. Uchungu ukija, namkandamiza kiunoni chini, pale mfupa unapokutana na makalio, kwa kitako cha kiganja na kwa nguvu kweli. Ukiondoka, naachia. Namwambia apumue taratibu kama anapoza uji. Namtembeza, na akichoka namlaza ubavu, si chali. Nesi akiruhusu, namnywesha chai ya sukari kidogo kidogo. Nakumbuka pia kumpeleka kukojoa, maana kibofu kikijaa kinamzuia mtoto kushuka, na mwenye uchungu hakumbuki. Maneno nayo yachagueni. "Jikaze, wenzako wamezaa" silisemi kabisa. Nasema, "Hilo limepita, halirudi tena." Na nikiona damu nyingi au mama anaanza kuchanganyikiwa, sikai kumfariji, namwita nesi hapo hapo.

Msidhani ni mambo ya kubembelezana tu. Mwaka 2017 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, walikusanya tafiti 26 kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kukaa nao muda wote walielekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, upasuaji ulipungua, na uchungu ulikuwa mfupi kidogo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mwanamke awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe.

Sasa jambo linaloniuma. Huku kwetu bado kuna dawa za mizizi za kuongeza uchungu, zinaingizwa wodini ndani ya chupa ya chai. Safari moja mama mkwe wa mtu alinikabidhi kikombe. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakiweka chini, nikamwambia, "Mama, shikamoo, tumuulize nesi kwanza." Alinuna, lakini hakikunyweka. Dawa hizo zinaweza kuubana mfuko wa uzazi hadi ukapasuka, na hapo mnaweza kuwapoteza wote wawili. Msindikizaji asiyeweza kusema hapana kwa adabu hajakufaa.

Baada ya kujifungua watu wengi humkimbilia mtoto, mama anabaki na nguo zake za damu. Hapo nabaki na mama. Mtoto awekwe kifuani na anyonye ndani ya saa ya kwanza, na ile dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya njano, msiikamue mkaimwaga. Nyumbani nampikia uji, nafua, nashika mtoto mama alale, na wageni nawapokea mlangoni. Kukanda tumbo kwa maji ya moto nalikataa, nimeona ngozi iliyoungua. Kitovu hakipakwi majivu wala kitu chochote cha kienyeji. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida, lakini yakivuka wiki mbili, au mama hataki hata kumtazama mtoto, mrudisheni kituoni. Vilevile homa, damu inayolowanisha kitambaa haraka, kichwa kuuma sana au kuona maruwaruwa: ni kituoni siku hiyo hiyo, msisubiri arobaini.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta mwenye jina la doula. Tafuta mtu. Shangazi, mama mdogo, hata jirani, mradi amezaa, anajua kunyamaza, na hakusimulii vifo vya wajawazito ukiwa umekaa naye. Jirani mmoja mtulivu anatosha kuliko mashangazi wanne wanaobishana.

Mkishapatana, mwulize nesi kama msindikizaji anaruhusiwa hadi chumba cha kujifungulia, maana vituo havifanani. Andaeni mapema khanga, pamba, mpira wa kutandika, namba ya bajaji wa usiku na mtu wa kutoa damu ikihitajika. Mumeo naye asikae pembeni. Msindikizaji wako awe na namba ya mumeo, na nauli ya mumeo ya kuja iwe imewekwa kando tangu sasa.

Kliniki yako inayofuata ni lini? Nenda naye siku hiyo, akae pembeni yako nesi akisoma kadi.