Jibu: Je, masomo ya uhasibu yanatosha kuingia kazini?

Dada, umeuliza kama miaka yako ya uhasibu hapa Lubumbashi itakutosha kuanza kazi. Mimi naona chuo kinakupa msingi, na huo usiudharau. Tangu Kongo ijiunge mwaka 2012 na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tunafuata mpango mmoja wa hesabu na nchi nyingine wanachama. Anayejua vizuri kwamba akaunti namba 52 ni benki na namba 57 ni fedha taslimu atasoma vitabu vya kampuni hata ya Dakar.

Tabu inaanzia mezani. Darasani zoezi linakuja na tarakimu kamili. Kazini unaletewa bahasha ya risiti: moja wino umefutika, nyingine imeandikwa franka wakati malipo yalikuwa ya dola, ya tatu haina tarehe. Hapo lazima ujue pa kuuliza, na ukatae kuandika usichokielewa hata bosi akiwa na haraka. Inaniuma kuona vijana wenye akili wanaitwa wazembe kwa sababu hakuna aliyewaonyesha bahasha kama hiyo.

Usingoje mwaka wa mwisho. Omba depo ya simenti mtaani kwenu ikuruhusu kulinganisha daftari lake na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi.