“Wametoa vyote”: nilivyokoma hedhi na miaka 38 bila kujua

Mafundi wenzangu mnaijua satini: ikidondokewa na tone moja la maji, alama inabaki. Siku hiyo nilikuwa nashona gauni la bibi harusi, feni imenielekea usoni, mlango wa duka uko wazi, na ulikuwa mwezi wa saba, ambao hapa Tanga hata jua la mchana huwa na upole. Joto likaanzia kifuani, likapanda shingoni, likafika usoni kama vile nimefunua sufuria ya wali unaochemka. Jasho likatoka kwenye nywele, likateremka puani, tone likaangukia kifua cha gauni. Nikaketi nalitazama lile tone linavyotanuka. Kisha nikalia, nikalia mpaka binti ninayemfundisha kazi akavuta pazia la duka ili wateja wasinione.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu nitolewe kizazi. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba siku ile ile nilitolewa na ovari zote mbili, yaani vifuko vya mayai, na kwamba nilipoamka kutoka kwenye nusu kaputi, mwili wangu ulikuwa umeshaingia kwenye ukomo wa hedhi. Mama yangu alifika huko akiwa na miaka 52. Mimi nilikuwa na 38.

Nimeshalisimulia hili dukani mara nyingi, na karibu kila mara yupo mwanamke anayebaki nyuma wenzake wakishaondoka, akaniuliza kwa sauti ya chini: “Na mimi nitajuaje kama walinitoa na ovari?” Naandika kwa ajili ya huyo.

Kilichonifikisha kwenye upasuaji ni uvimbe kwenye kizazi, ule unaowapata wanawake wengi mno, na sisi weusi ndio wengi zaidi na hutuanza mapema. Nilikuwa natoka damu siku kumi hadi kumi na mbili kila mwezi, mabonge kwa mabonge. Nilishaacha kuvaa nguo za rangi nyepesi, nilishaacha kukaa kwenye kiti cha mtu. Damu yangu ikashuka mpaka 6, nikaongezewa chupa tatu. Altrasaundi ikaonyesha vivimbe vingi, vingine vimejipachika mahali pabaya, na tumbo lilikuwa kama la mimba ya miezi mitano. Nina watoto wawili. Mimi na mume wangu tukakubaliana kizazi kitolewe, na uamuzi huo mpaka leo sijaujutia. Naliweka wazi kwa sababu kuna dada anaweza kusoma haya akaahirisha upasuaji anaouhitaji huku damu inamwishia.

Ninachosikitika ni maneno ambayo hatukuambiwa. Fomu ya ridhaa niliitia saini usiku, nimechoka, na hakuna aliyenisomea mstari kwa mstari. Kesho yake mume wangu aliambiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji: “Wametoa vyote, mkeo anaendelea vizuri.” Akaja kunieleza kwa furaha, wametoa vyote. Tukaelewa vivimbe vyote. Tukamshukuru Mungu.

Usiku wa nne wodini niliamka shuka limelowa chapachapa. Nesi akapima joto la mwili, halikuzidi. Akasema labda ni dawa. Nikarudi nyumbani, na kwa miezi hiyo kumi na moja nilipimwa malaria mara nne, zote hakuna kitu, na mara mbili nikapewa dawa ya mseto vilevile. Nilipimwa sukari. Nilipimwa presha. Usingizi ukakatika saa nane za usiku kila siku. Vifundo vya vidole vikaanza kuuma asubuhi, nikawa nashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nikaanza kusahau vipimo: mteja nimempima kiuno, dakika mbili baadaye sikumbuki, naona haya kumpima tena. Nikawa mkali kwa wanangu kwa mambo ambayo zamani ningeyacheka. Na chumbani kwangu tendo la ndoa likawa maumivu, kama ngozi imechanika, nikawa napanga kulala mapema kabla mume wangu hajarudi kutoka msikitini. Shangazi yangu, kwa huruma zake, akataka nipelekwe nikapungwe. Simlaumu. Aliona mtu anayemjua amebadilika, na hakuna daktari aliyekuwa amempa jina la ugonjwa.

Aliyenifungua macho ni mteja, mkunga mstaafu, aliyekuja kujaribu gauni lake. Nilikuwa namfunga zipu jasho likanishika. Akageuka akaniuliza, “Fundi, una miaka mingapi?” Nikamwambia. “Umewahi kupasuliwa?” Nikamwambia. “Nenda kaniletee karatasi uliyotoka nayo hospitali.” Nikatuma mtoto nyumbani. Akaivaa miwani yake, akaweka kidole kwenye mstari mmoja wenye mwandiko wa haraka: TAH + BSO. Akanishika mkono. “Mwanangu, huna wazimu wala huna jini. Hizi herufi tatu za mwisho maana yake ovari zote mbili zimetoka pamoja na mirija yake.”

Basi nanyi mkiwa na karatasi hiyo, itafuteni sasa hivi. TAH ni kizazi kizima pamoja na mlango wake, kimetolewa kwa kupasua tumbo. BSO ni ovari na mirija ya pande zote mbili. Ukikuta USO, ni upande mmoja tu. Ukikuta TAH peke yake, ovari zako zilibaki. Na ikiwa imeandikwa kwamba mlango wa kizazi umeachwa, endelea kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kama wanawake wengine. Wengi wanadhani wakishatolewa kizazi hawana cha kupima tena.

Tofauti hii ni kubwa kuliko tunavyoichukulia. Kizazi ndicho kinachotoa damu ya mwezi, lakini homoni ya kike, estrojeni, kwa sehemu kubwa inatengenezwa na ovari. Ukitolewa kizazi ovari zikabaki, damu hukatika lakini homoni zinaendelea. Hata hivyo ovari hizo zinaweza kuchoka mapema zaidi ya kawaida, na kwa kuwa huna hedhi ya kukuonyesha, dalili ndizo zitakazokuambia: joto la ghafla, kukosa usingizi, ukavu ukeni. Kuna kipimo cha damu cha homoni ambacho daktari anaweza kukitumia. Lakini zikitolewa zote mbili, estrojeni inaporomoka ndani ya siku chache. Mwanamke anayefikia ukomo kwa umri wake mwili humpunguzia kidogo kidogo kwa miaka. Sisi tunakatiwa mara moja, ndiyo maana dalili zetu mara nyingi huwa kali zaidi.

Mkunga alinisisitiza nionane na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Nikaenda, na kwa mara ya kwanza nikaelezwa. Ovari, aliniambia, huenda zilitolewa kwa sababu ya maana, pengine zilikuwa zimeshikana na uvimbe. Kwenye karatasi yangu sababu haikuandikwa. Akaniambia kukoma hedhi kabla ya miaka 40 kunaitwa ukomo wa mapema sana, kati ya 40 na 45 ni wa mapema, na kwamba hasara yake haiishii kwenye jasho. Mifupa hupoteza uimara miaka mingi kabla ya wakati wake, na moyo na mishipa hupoteza kinga. Kwa hiyo kwa mtu wa umri wangu, kurudishiwa homoni huwa ni tiba ya kulinda mwili mpaka angalau umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, yaani kwenye miaka 50 au 51.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimesikia homoni zinaleta saratani ya titi. Daktari akanieleza chanzo cha hofu hiyo: utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002. Wanawake wale walikuwa na miaka 50 hadi 79, wastani wao 63, na waliopata ongezeko la saratani ya titi walikuwa wanatumia homoni mbili kwa pamoja, estrojeni na projestini. Wasio na kizazi walikuwa na kundi lao, wakitumia estrojeni peke yake. Kundi hilo lilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya ongezeko la kiharusi, na saratani ya titi kwao haikuongezeka. Homoni ya pili kazi yake ni kulinda ukuta wa kizazi, na mimi sina kizazi cha kulinda, kwa hiyo estrojeni peke yake inanitosha. (Aliyekuwa na endometriosisi, ule ugonjwa wa nyama kama ya ukuta wa kizazi kuota nje ya kizazi, aulize, yeye anaweza kupewa zote mbili.)

Kabla hajaniandikia, aliniuliza mambo ambayo na wewe uulizwe, na usipoulizwa uyaseme mwenyewe: umewahi kuwa na saratani ya titi? Yupo ndugu wa damu aliyeipata? Damu imewahi kukuganda mguuni au kwenye mapafu? Una shida ya ini? Kiharusi? Presha yako ikoje? Yapo majibu yanayokufungia mlango wa homoni, na kwa hao zipo dawa nyingine za kupunguza joto, zikiwamo baadhi ya dawa za sonona. Na kwa mwenye hatari ya damu kuganda, homoni ya kubandika au ya kupaka kwenye ngozi ni salama kuliko vidonge, ila ujue kuipata kunahitaji kuzunguka.

Mimi nilipewa vidonge. Famasi tatu hawakuwa navyo, ya nne wakaniagizia. Siku ya kwanza hakuna kilichobadilika, wiki ya kwanza hakuna. Wiki ya tatu nikaamka nimesikia adhana ya alfajiri, nikashtuka: nimelala usiku mzima. Shuka kavu. Nikamwamsha mume wangu aguse shuka.

Vidonge havikumaliza kila kitu. Ukavu ulibaki, nikaongezewa krimu ya homoni ya kuweka ukeni, dozi ndogo ambayo inafanya kazi palepale. Vipo na vilainishi vya kawaida vya dukani. Ukitumia kondomu chagua cha maji, mafuta yanaichana. Na hapa nawaambia wanawake wenzangu wa pwani kwa mapenzi: udi tufukize nguo na chumba. Ndani kule ngozi imeshakuwa nyembamba kama karatasi ya patroni, tusiweke moshi, tusiweke dawa za kubana, tusiweke kitu tulichouziwa kwenye kichupa kisicho na maandishi. Mume wangu nilimweleza kwa kumwonyesha ile karatasi, kidole kwenye mstari, kama mkunga alivyonionyesha mimi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Kumbe mimi ndiye niliyekuletea hayo maneno.” Kuanzia usiku ule hatukulaumiana tena.

Chakula sikibadilishi sana. Dagaa na mifupa yake, maziwa na mtindi ambavyo Tanga hatuna shida navyo, ufuta. Alfajiri natembea mpaka Raskazone na kurudi, maana mifupa inataka kubeba mwili ili ibaki imara, na fundi cherehani anakaa siku nzima. Chai ya usiku nimeiacha, pilipili nimeipunguza, kitandani natandika kanga ya pamba badala ya shuka la nailoni.

Jambo moja halina kidonge. Ramadhani ya kwanza baada ya upasuaji nilifunga mwezi mzima bila kula hata siku moja. Tangu nivunje ungo haikuwahi kutokea; kila mwaka nilikuwa na siku zangu za kulipa. Mama mkwe akanipongeza mbele ya watu. Nikaenda jikoni, nikashika ukingo wa sinki, nikahisi nimeibiwa kitu ambacho nilikuwa nakilalamikia miaka yote. Ukifikwa na huzuni ya namna hiyo, hata kama watoto unao, hata kama damu ilikutesa, usijione huna shukrani. Nililia, na sasa silii tena. Kidonge changu nakunywa wakati wa daku.

Kama bado hujapasuliwa, muulize daktari mchana, umekaa, na mtu wako wa karibu akiwepo: ovari zangu mnazigusa? Kwa sababu gani? Mkizikuta nzima, mtaziacha? Kwa mwanamke ambaye bado ana hedhi na hana saratani wala historia yake kwenye ukoo, madaktari wengi hupendelea kuziacha. Mkishakubaliana, liandikwe kwenye fomu kabla hujatia saini. Na ukiamka uulize tena wewe mwenyewe, usitosheke na salamu za mlangoni. Uliza pia majibu ya nyama iliyopelekwa maabara, maana yale wengi hatuyafuati.

Kama ulipasuliwa zamani na karatasi imepotea, nenda masjala ya hospitali ile ile na kadi yako, au jina kamili na mwezi uliolazwa, uombe nakala ya ripoti ya upasuaji. Dada yangu alipasuliwa mwaka 2014. Alienda mara mbili, mara ya tatu faili likapatikana. Iliandikwa TAH peke yake.