Maswali na Majibu: Je, mtoto husahau maumivu?

SWALI: Mhariri, salamu. Mwanangu wa miaka 6 aliungua mguu kwa uji, na kwa wiki kadhaa nilimpeleka kusafishwa kidonda huku watu wawili wakimkandamiza kitandani. Kidonda kimepona tangu miezi miwili iliyopita, lakini hadi leo akisikia harufu ya spiriti anatetemeka, na usiku anaamka akipiga kelele. Mama mkwe wangu anasema nimwache tu, kwani mtoto husahau. Utafiti unasemaje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, mama, na mpe pole mtoto. Usimlaumu mama mkwe, kwa maana hata madaktari waliiamini dhana hiyo kwa muda mrefu. Hadi miaka ya 1980, watoto njiti katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani waliweza kupasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na usingizi hafifu tu, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba neva zao hazijakomaa kiasi cha kuhisi maumivu. Mwaka 1987, Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliothibitisha kwamba njiti walioongezewa fentanili, dawa kali ya maumivu, walipata matatizo machache zaidi baada ya upasuaji. Miaka 10 baadaye Anna Taddio wa Toronto, Kanada, akaonyesha kwamba watoto waliotahiriwa wakiwa wachanga bila ganzi walionyesha maumivu makali zaidi walipochanjwa wakiwa na miezi 4 au 6 kuliko wale ambao hawakuwa wametahiriwa.

Kwa umri wa mwanao, kazi inayokuhusu zaidi ni ya Melanie Noel, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Calgary, ambaye amechunguza kwa miaka mingi namna watoto wanavyokumbuka maumivu. Katika utafiti wake wa mwaka 2012, watoto walitia mkono katika maji ya baridi kali, wakaulizwa baadaye wanakumbuka nini, kisha wakarudia zoezi lile. Ikaonekana kwamba kile walichokikumbuka kilibashiri maumivu ya mara ya pili vizuri kuliko kile walichokisema siku ya kwanza yenyewe. Ameandika pia jinsi kiwewe na maumivu sugu yanavyochocheana, hasa pale usingizi unapoharibika na mtoto anapoanza kukwepa kila kinachomkumbusha tukio.

Habari njema, na kwa maoni yangu ndiyo yenye manufaa zaidi kwako, ni kwamba kumbukumbu hiyo hurekebishika. Kundi la Noel liliwafundisha wazazi wa watoto walioondolewa mafindofindo namna ya kuzungumza nao baada ya upasuaji, na watoto hao wakakumbuka maumivu yao kwa uzito mdogo kuliko wenzao. Hawakufundishwa kukana maumivu. Walifundishwa kutorudiarudia maneno ya uchungu na kutaja kile ambacho mtoto alikiweza. Kwa hiyo, mwanao akiwa ametulia, mwambie: “Unakumbuka ulivyonishika mkono tukahesabu mpaka kumi? Ulijitahidi sana, mwanangu.” Taja jambo lililotokea kweli, kwa sababu mtoto wa miaka 6 hugundua haraka anapodanganywa.

Akihitaji sindano tena, usimwambie “haiumi”. Mwambie itauma kidogo na itakwisha upesi, kisha mpakate akiwa ameketi badala ya kulazwa na kukandamizwa, na mpe kitu cha kupuliza, kwa mfano mapovu ya sabuni. Kama ni kidonda cha kusafishwa, muulize mhudumu mapema kuhusu dawa ya maumivu inayolingana na uzito wa mtoto, maana paracetamol ya kumeza huhitaji takriban nusu saa hadi saa moja kabla ya kufanya kazi vizuri. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Hata hivyo, ndoto za kutisha na woga uliodumu zaidi ya mwezi mmoja havipaswi kusubiriwa viishe vyenyewe. Omba rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto katika hospitali ya mkoa, na umweleze habari za kidonda, harufu ya spiriti na usingizi kwa pamoja. Kuna tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa mahsusi kwa watoto wenye kiwewe, na mzazi hushirikishwa ndani yake; ndiyo ya kuulizia kwanza, kabla ya dawa yoyote ya usingizi.